Siku Tuliyomficha Kipa

Jumamosi, mapema Novemba. Asubuhi mawingu yalikuwa yameshuka chini kabisa juu ya Kitengela, kila mtu akasema leo lazima inyeshe, halafu upepo ukatokea upande wa Athi ukayafagia yote, tukabaki na jua na vumbi ya kila siku.

Naandika haya jioni hiyo hiyo, viganja bado viko na moto wa kupiga makofi, na sijui kama nitayapanga vizuri. Shule niliachia darasa la saba. Mambo ya mpira nimeyapata kwa masikio tu, kwa sababu cherehani yangu iko kwenye baraza ya duka la viatu, na hiyo baraza ndiyo bunge la mashabiki wa timu yetu. Nikishona sketi za shule nasikia. Nikishona namba kwenye jezi nasikia zaidi.

Asubuhi ya mechi, mashabiki hupindua kreti ya soda na kupanga juu yake vizibo kumi na moja. Kila kizibo ni mchezaji. Watu wanavisukuma huku na huku, wanatukanana, wanaapa, mpaka kocha apite akienda kunywa chai. Anasimama, anaangalia, anasema, "Mmeharibu kabisa," anaenda zake. Lakini mara nyingi kizibo kimoja au viwili hufika uwanjani vile vilipangwa kwenye kreti. Hawezi kutupuuza sana. Klabu haina hosteli, na kila mchezaji aliyetoka mbali analala na kula kwa shabiki fulani.

Kwangu analala kipa. Ni kijana wa Illasit, kule chini ya mlima, wazazi wake ni wakulima wa nyanya na vitunguu. Yuko na mikono mirefu kama anayetaka kufunga kamba za viatu bila kuinama. Analala kwa chumba ninachoweka vitambaa. Mimi ananiita mathe. Mume wangu yeye humwita Kipa hata mezani: "Kipa, sogeza chumvi."

Leo haikuwa Jumamosi ya kawaida. Klabu yetu imeingia ushirikiano na klabu moja ndogo ya Norway. Wao wametuletea viatu vya mpira na koni za mazoezi, na watamfundisha kocha wetu. Sisi tutawapa nafasi ya kuangalia vijana wetu na kumwalika mmoja kwa majaribio. Mgeni wao alikuwa amefika wiki hii, na angekuwa Kajiado alasiri kutuona tukicheza na timu ya huko. Kila mtu alijua anatafuta kipa, maana wa kwao amezeeka. Kipa wangu alikuwa anajua pia. Tangu Jumatatu amekuwa akifua glavu zake kila siku, hata zikiwa safi, anazianika kwa kamba na kukaa hapo akiziangalia kama ugali ambao haujaiva.

Basi asubuhi nikakuta kreti imepinduliwa na vita vimeshaanza.

"Namba tisa atoke," kijana wa boda alisema, akakiokota kizibo cha straika na kukitia mfukoni. "Huyo msee hakimbii. Anasimama tu akingoja mpira kama mgonjwa anangoja kuitwa jina."

"Rudisha," mwenye duka akamwambia. Mwenye duka ni mtu wa Garissa, na kwa mpira hana utani. "Unajua huyo tulimpata vipi? Tulitoa mipira mizuri na nyavu za goli kwa watu wa Kware. Unataka kutupa nyavu zetu?"

"Hao wa Kware ndio walitupiga. Walituuzia mtu mzito wakapata nyavu nyepesi."

"Walahi, wewe hujui usajili. Straika hanunuliwi miguu. Ananunuliwa kichwa."

"Basi wangetuletea kichwa peke yake, si miguu inabaki Kware?"

Nilicheka nikajidunga sindano. Kusema kweli wote wawili walikuwa na haki kidogo. Namba tisa hakimbii, na pia ndiye aliyefunga magoli mengi.

Hapo akafika mzee wa Mashuuru. Huyu ni mfanyabiashara wa ng'ombe, ndiye mwenye lori inayotubeba kwenda mechi za mbali, na neno lake kwa mashabiki lina uzito.

"Takwenya, Pakerr," akanisalimu.

"Iko," nikajibu.

Mimi ni Mkamba, lakini binti yangu alipozaliwa mzee huyu aliniletea kondoo wa kunipa nguvu, na kwa Wamaasai mtu akikupa kondoo mnaitana Pakerr kuanzia hiyo siku. Majina yetu ya kweli tulishayaweka kando.

Akakaa kwenye stuli ya wateja wa viatu, akaangalia vizibo. "Hii ushirikiano mimi siielewi," akasema. "Kwetu mtu akikupa mnyama mnaitana kwa huyo mnyama mpaka kaburi. Hawa wa Norway wametupa viatu. Sasa watatuita nani? Pa-viatu?"

Baraza yote ikaanguka kicheko.

"Mzee, usicheze na vile viatu," mwenye duka akasema. "Mimi nauza viatu, nakwambia vile sijawahi kuuza. Na kocha atafundishwa. Na kijana mmoja atapata njia. Wewe unataka nini kingine?"

"Nataka winga wetu." Mzee aliacha kucheka. "Yule aliyeenda na wale wageni wengine, mwaka jana. Wakasema ni majaribio. Yuko wapi? Mama yake ananiuliza mimi kila siku ya soko, kwa sababu mimi ndiye nilimbeba na lori mpaka kiwanja cha ndege. Nimwambie nini? Na Jumapili ijayo, si hii ya kesho, tuko na mechi ya kupanda daraja. Wakimchukua kipa leo, wakimjaza kichwa, nani atadaka Jumapili?"

Mwenye duka aliangalia chini. Ni lazima niseme hapa kwamba mzee hakuwa na roho mbaya. Kila neno alilosema lilikuwa kweli.

"Mnunuzi akija bomani," mzee akaendelea, "ule mtamba wako mzuri, ambao haujazaa bado, unaamkia wapi?"

"Malishoni," kijana wa boda akasema, meno yote nje. "Mbali kabisa."

"Haya basi."

Ilichukua muda kidogo nielewe. Alitaka kipa wa kwanza akae nje leo, adake yule wa pili, mgeni aone asichotaka, aende zake.

"Haiwezekani!" mwenye duka alisimama. "Kijana wa watu amengoja hii siku! Muulizeni mama. Mama, wewe unaishi naye. Yuko na shida yoyote ya kumkalisha nje?"

Wote wakanigeukia. Mimi nikiulizwa kitu siwezi kutoa nusu. Ni ugonjwa. Nikasema Jumatano alikanyaga vibaya mazoezini, kifundo cha mguu kikauma, nikamkanda na maji ya chumvi. Na nikasema Alhamisi aliamka mzima, akaruka na jana akaruka. Nilisema yote mawili, kuuma na kupona, kwa sauti moja. Lakini watu husikia ile nusu wanayoitaka.

"Mmesikia? Kifundo!" mzee akasema. Akakitoa kizibo cha kipa golini, akaweka kingine.

Kocha alipopita, mzee alimvuta kando, akamwambia habari ya kifundo na ya Jumapili ijayo. Kocha aliangalia vizibo. Nadhani na yeye alikuwa anaogopa Jumapili kuliko alivyompenda mgeni. "Apumzike," akasema, na siku hiyo hakutuambia tumeharibu.

Bendeji alifunga mzee mwenyewe, kwenye lori, kwa mikono ya mtu aliyezoea kufunga ndama. Kipa alinyoosha mguu, akaniangalia.

"Mathe, ni wewe ulisema mguu?"

"Nilisema pia umepona."

Akaweka glavu chini ya kiti alichokalia, akageuza uso kwa vyuma vya lori.

Safari yote mpaka Kajiado watu waliimba. Lori bado ilikuwa inanukia mbuzi, tulishika vyuma vya juu, upepo wa Isinya ukatupiga usoni, kijana wa boda akapuliza firimbi mpaka masikio yakaziba. Ningependa kusema sikuimba, lakini niliimba. Siku ya mechi damu inakimbia yenyewe. Katikati ya nyimbo ndiyo nilikuwa najiuliza. Je, kile kifundo nilikitaja kwa haki, ama nilikitaja kwa sababu sitaki chumba cha vitambaa kibaki vitambaa tu? Niligeuza hilo swali mpaka tukaona mabati ya Kajiado. Jibu sijapata, na sitaki kujiandikia la uongo.

Uwanja ulikuwa umejaa. Mgeni nilimtambua mara moja, mrefu, pua imeiva kwa jua, amekaa kwa kiti cha plastiki kando ya mstari. Karibu naye alisimama mwanamke wa Kajiado, shanga shingoni na simu mbili mkononi, ndiye aliyekuwa akimfasiria.

Mpira ukaanza, na kipa wa pili alikuwa anavutavuta glavu kila dakika, hata sisi kutoka kwetu tukaiona hofu yake. Lakini lazima nimpe haki yake. Mipira ya kwanza aliipangua na kifua, na magoti, na mara moja na sikio. Halafu kona yetu ikapigwa, mpira ukagonga mtu, ukagonga mwingine, ukamfikia namba tisa akiwa amesimama palepale anaposimamaga. Akaugusa tu. Goli!

Tulirukiana. Mwenye duka alimkamata kijana wa boda kwa kola. "Kichwa! Nilikwambia kichwa!"

"Na mimi si nilisema anangoja mpira? Sasa si umekuja!"

Kabla ya mapumziko wakasawazisha, shuti ya mbali, kipa wa pili akaiona ikiwa imeshapita. Ikawa goli moja kwa moja. Nilimwangalia kipa wangu pale benchi. Alikuwa amekaa na mikono katikati ya magoti, glavu kando yake, na ile bendeji nyeupe ikiwaka kama taa. Mgeni alikuwa anaangalia saa.

Wakati wa mapumziko yule mwanamke alikuja upande wetu. Alimwinamia mzee kichwa, kama msichana wa nyumba nzuri, mzee akamgusa utosini, wakasalimiana kwa Kimaasai. Kisha akasema kwa Kiswahili, sote tusikie: "Mgeni anauliza, kipa wenu ni huyo tu?"

"Ni huyo tu," mzee akasema. "Mwingine anaumwa. Unaona mguu."

Akauangalia mguu. Akamwangalia mzee. Akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mabega.

"Mzee wangu," akasema, "mimi nimelelewa bomani. Mnunuzi akija, baba alikuwa ananiamsha mimi nipeleke mtamba mzuri mbali na njia. Nimefanya hiyo kazi miaka. Leo unanifanyia mimi?"

Watu wa karibu walipasuka. Mzee alishika fimbo yake akaiangalia kama ndiyo imemsaliti.

Kisha mwanamke akanigeukia mimi. "Mama, nimeambiwa anakaa kwako. Anaumwa?"

Mzee alikuwa ananiangalia, na huyu ni mtu wa kondoo wangu, si mtu wa kukosea heshima mbele ya watu. Mwenye duka alikuwa ananiangalia. Kule benchi, kipa hakuwa ananiangalia, na hiyo ndiyo iliuma zaidi.

"Jumatano aliumia," nikasema. "Alhamisi akapona. Leo asubuhi amenibebea mtungi wa maji mpaka jikoni na hajachechemea."

"Pakerr!" mzee akasema. "Umeniuza!"

"Sijakuuza, Pakerr. Nimeulizwa."

Sikujua atafanya nini. Akaanza kucheka na yeye, kicheko cha mtu mzima aliyekamatwa na mtoto wa kabila lake kwa mtego wa kabila lake.

"Mnunuzi akiulizia ng'ombe ile haiko hapa," akasema, "unaileta. Hata baba yako angeileta." Akainuka, akatembea mpaka benchi mbele ya uwanja wote, akapiga goti, akaifungua bendeji kwa mikono ile ile. Watu wa Kajiado hawakuelewa kitu, lakini walishangilia pia.

Kocha alimwingiza. Kipa alikimbia kwenda golini akivaa glavu kwa meno.

Na mpira wa kwanza kabisa, krosi kutoka kushoto, akatoka, akaukosa! Ukagonga mwamba ukarudi nje. Nilifunika uso na leso. Hizo krosi za kushoto humsumbua, tangu zamani. Niliposhusha leso alikuwa amesimama imara, anawapigia mabeki kelele, na kuanzia hapo akawa mtu mwingine. Frikiki akaipangua kwa ncha ya vidole. Straika wa Kajiado akabaki naye peke yake, akamlalia miguuni akauchukua mpira kama unavyochukua sufuria kwa mtoto.

Halafu ikafika ile dakika. Aliudaka mpira wa juu, akaona winga wetu wa sasa ameanza kukimbia, na badala ya kupiga teke, akarusha. Kwao Illasit alikua akilinda nyanya za baba yake, akifukuza nyani kwa mawe kutoka mwisho mmoja wa shamba hadi mwingine. Sisi huo mkono tumeuzoea. Mgeni hakuwa ameuzoea. Mpira ulivuka mstari wa kati ukiwa bado juu, ukamwangukia winga mbele ya beki wa mwisho. Winga akapiga. Goli la pili.

Mimi sikuliona goli vizuri. Nilikuwa naangalia kile kiti cha plastiki. Kilikuwa kimeanguka, na mgeni amesimama, mikono kichwani.

Baada ya firimbi ya mwisho alikuja na mfasiri wake. Aliomba kipa aonyeshe viganja, akavigeuza. Akasema maneno mengi, mwanamke akayafupisha: wanamwalika Januari, tiketi ya kwenda na kurudi, akifaulu watakaa chini na klabu kuongea uhamisho, asipofaulu anarudi kwao na viatu vipya.

"Tena viatu!" kijana wa boda akasema.

Kisha mgeni akauliza nani mzazi wake huku. Vidole vyote vikanielekea. Akataka kujua mimi namwonaje, yuko tayari?

"Yuko tayari," nikasema. Na ningenyamaza hapo, mtu mwenye akili angenyamaza hapo. "Ila krosi za kushoto zinamsumbua."

"Mama!" mwenye duka alishika kichwa. "Walahi huyu mama ataua mtu!"

Mwanamke alifasiri huku anacheka. Mgeni akacheka, akajibu. "Anasema hiyo ameiona. Anasema ndiyo sababu kuna mazoezi."

Mzee wa Mashuuru alisogea mbele. Hakuwa anacheka. "Mwambie," akamwambia mfasiri, "Jumapili ijayo kijana anadaka kwetu kwanza. Na akienda huko, kila wiki apige simu. Si kwa klabu, kwa huyu mama. Mimi nisiulizwe na mama mwingine sokoni." Alingoja mpaka neno la mwisho lifasiriwe, na mgeni akampa mkono, na mzee akaushika muda mrefu kuliko desturi.

Kurudi, mvua ilitukuta karibu na Isinya, manyunyu tu, na hakuna aliyejificha. Watu walianza upya kubishana: kama kipa wa pili anatosha kurithi goli, kama tukipewa pesa ya uhamisho tununue beki ama tujenge vyoo vya uwanja, kama Norway kuna jua. Kipa alikaa kwenye tairi la spea. Wenzake walikuwa wanampiga mgongo, yeye anacheka kidogo kidogo kama mtu anayeogopa kumwaga chai. Kwangu hakugeuka, na mimi nilibaki upande wangu wa lori. Nilikuwa nimemfungia mlango asubuhi na kuufungua mchana, na sijui hesabu ya namna hiyo hulipwa vipi.

Tulipofika nyumbani alichukua mtungi kabla sijamwomba, akaenda kuteka maji. Aliporudi akasimama kwa mlango wa jikoni.

"Mathe," akasema, "kesho ukitoka kanisani, unaweza kunirushia krosi? Za kushoto."

"Mimi sijui kurusha."

"Ndiyo nzuri. Hata mawinga hawarushi vizuri."

Mume wangu alitaka kuelezwa mechi yote kuanzia mwanzo, na tulimweleza sisi wawili kwa mara moja, tukikatizana, binti yangu akiuliza Norway iko upande gani. Tulikula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, na kabichi niliyokaanga kwa haraka. Kipa aliongeza mara mbili, sufuria ikabaki tupu, na mimi nikamalizia ukoko na chai ya rangi.